Boti za Mpira Kati ya Mabwawa ya Jinja

Maporomoko ya Naili aliyoyaona mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke penye Jinja ya leo, Uganda, Julai 1862 hayapo tena. Alifika na msafara uliojaa watu wa pwani, Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwao, akayaita Ripon kwa heshima ya mkubwa mmoja wa kwao. Mwenyewe aliandika kwamba aliwakuta Wasoga na Waganda wakivua juu ya mawe. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alizindua bwawa la Owen Falls, na Ripon yakamezwa na maji.

Chini ya bwawa hilo, Naili uliendelea kutiririka kwa nguvu, msitu wa Mabira ukiwa upande wa magharibi. Ni huko ambako mwaka 1996 kampuni ya Adrift ilianza kuwashusha wageni kwa boti za mpira. Mahali palifaa sana. Ziwa Victoria linaulisha mto mwaka mzima, maji ni ya vuguvugu, na baada ya karibu kila poromoko hufuata kidimbwi kipana na kitulivu. Boti ikipinduka, abiria huelea hapo mpaka mwenye kayaki amfikie. Mwongozaji hukaa nyuma na kasia lake, akipaza amri: piga mbele, rudi nyuma, inama! Kayaki za uokoaji hutangulia, na boti ya makasia marefu hubeba dawa na chakula cha mchana.

Wageni hawakuwa wa kwanza kucheza na maji hayo. Penye maporomoko ya Bujagali, vijana wa vijijini walijirusha mtoni wakikumbatia mtungi wa plastiki, wakapotea kwenye povu na kuibukia chini, kisha wakapokea shilingi za watazamaji. Ulikuwa ujuzi wa kweli, wa kujua kila jiwe na kila mkondo, na unastahili kutajwa katika historia hii kabla ya kampuni yoyote.

Kwa Wasoga, Bujagali palikuwa makao ya mzimu Budhagali, na masimulizi husema mganga wake aliweza kuelea juu ya maji akiwa ameketi kwenye gome la mti. Mradi wa bwawa la umeme ulipokuja hapo, yalifanywa matambiko ya kuuhamisha mzimu huo. Jaja Nabamba Budhagali, aliyeusemea, alikataa katakata kwamba ungeweza kuhamishwa kwa makubaliano ya wenye mradi. Mabishano yalidumu miaka mingi. Kampuni ya AES ya Marekani ilijitoa mwaka 2003, wawekezaji wengine wakachukua kazi, na Oktoba 2012 bwawa la megawati 250 likazinduliwa. Maporomoko yalikuwa yamezama tayari.

Uganda ilihitaji umeme huo. Miji ilikuwa ikikaa gizani kwa saa nyingi. Lakini hasara ya mtoni ilikuwa kubwa mno kuhesabiwa kwa megawati peke yake, na serikali yenyewe iliikiri kwa namna fulani. Katika mkataba wa 2007 na Benki ya Dunia, iliahidi kuyahifadhi maporomoko ya Kalagala, pamoja na misitu ya kingo za Naili na Mabira, kama fidia ya Bujagali.

Safari za boti zikahamia chini ya bwawa jipya. Kisha, Machi 2019, likazinduliwa bwawa la Isimba la megawati 183, nalo likafupisha njia kutoka upande wa kaskazini.

Kilichobaki kati ya mabwawa hayo mawili ni pamoja na Itanda, mkono wa Kalagala ulio upande wa Busoga. Sehemu yake mbaya zaidi hupitwa kwa miguu: wageni hushuka, hutembea juu ya mawe, na boti huteremshwa pembeni. Waendesha kayaki hodari ndio wanaothubutu kuivuka. Baadhi yao ni vijana wa vijiji vya kando ya mto, waliofunzwa na walimu wageni na sasa wanaongoza safari wenyewe, na ajira yao inasimama juu ya ahadi ile ya 2007.