Somo la Ulevi Jeshini Lilipimwaje?

Mwalimu hapimwi kwa wingi wa vipindi. Hupimwa kwa mtihani wa wanafunzi wake. Jeshi la Marekani lilijifunza hilo kwa machungu.

Heroini ilipowavamia askari wake huko Vietnam, mwaka 1971 lilianza mpango wa kuwafundisha na kuwatibu. Mwaka 1980 askari waliulizwa, bila kutaja majina. Karibu 28 katika kila 100 walikiri kutumia dawa za kulevya ndani ya siku 30. Mei 1981 ndege ilianguka juu ya manowari Nimitz, watu 14 wakafa. Baadhi ya maiti zilikutwa na bangi. Ndipo upimaji wa mkojo ulipokazwa. Kufikia 1998 watumiaji walikuwa chini ya 3.

Na pombe? Wanywaji wa kupindukia walishuka kutoka 21 hadi 15 tu. Pombe haikutafutwa katika mkojo ule, nayo iliuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya jeshi lenyewe.

Sisemi mafunzo yaachwe. Nasema yapimwe, na mfundishaji asiwe muuzaji. Maneno matupu hayavunji mfupa.