Msasa wa Sifa na Msasa wa Asili: Vetingi na Uraia Nyali

Rais wa Kenya akiteua waziri, magazeti ya Kiswahili huandika kwamba mteule atapigwa msasa bungeni. Redioni na vijiweni watu husema vetingi. Kijana wa Kongowea au Ziwa la Ng'ombe, katika eneobunge la Nyali, analijua neno hilohilo kwa sura nyingine. Kwake ni ile siku ya kuitwa mbele ya wazee, chifu na maafisa wa usalama, baada ya kutimiza miaka 18, ili aeleze yeye ni nani kabla ombi lake la kitambulisho halijapokelewa. Makala haya yanadai kwamba neno moja limebebeshwa kazi mbili zisizopatana. Waziri anapimwa sifa. Kijana anapimwa asili. La kushangaza ni kwamba anayeomba madaraka makubwa amewekewa kinga nyingi kuliko anayeomba kadi.

Chimbuko la neno lenyewe linasaidia kuiona tofauti hiyo. Kitenzi cha Kiingereza vet kimefupishwa kutoka jina la daktari wa mifugo, na katika muongo wa mwisho wa karne ya 19 kilimaanisha kumpeleka mnyama akakaguliwe naye. Farasi alitazamwa meno, kwato, miguu na pumzi kabla ya kununuliwa au kuingizwa mashindanoni. Kufikia 1904 Rudyard Kipling alikuwa amekwisha kulihamishia kwa binadamu. Baada ya Klaus Fuchs kufungwa mwaka 1950 kwa kuwapa Wasovieti siri za bomu la atomiki, serikali ya Uingereza ililifanya neno la kiofisi: mtumishi aliyeshika nyaraka nyeti alichunguzwa maisha yake, marafiki zake na madeni yake. Ikumbukwe kwamba daktari wa farasi hakuulizwa baba wa farasi ni nani. Nasaba ilikuwa na daftari lake, lililotunzwa Uingereza tangu 1791, na aliyelitunza hakuwa daktari. Tangu mwanzo, basi, ukaguzi huu ulihusu kinachoonekana na kinachopimika kwa mkaguliwa mwenyewe.

Kenya ililipokea neno hili kwa mikono miwili baada ya Katiba ya 2010. Majaji na mahakimu wote waliokuwa kazini siku Katiba ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010, walitakiwa kukaguliwa upya na bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2011 chini ya uenyekiti wa Sharad Rao. Aprili 2012 bodi hiyo iliwatangaza majaji wanne wa Mahakama ya Rufaa kuwa hawafai kuendelea. Ikafuata polisi kuanzia Desemba 2013, na Wakenya wakawatazama maafisa wakubwa wakibabaika kueleza fedha zilizopita kwenye akaunti zao za benki na M-Pesa. Mazoezi hayo yalikuwa na kasoro. Katiba iliwazuia majaji walioondolewa kwenda mahakamani kuupinga uamuzi, na Mahakama ya Juu ililithibitisha zuio hilo mwaka 2014. Hata hivyo jaji alijua vigezo mapema, alisomewa malalamiko, alikuja na wakili, alipewa uamuzi wenye sababu, na aliweza kuiomba bodi iutazame tena. Isitoshe, hakuna aliyelazimishwa kuwa jaji.

Sasa tuvuke daraja la Nyali. Yalipo leo makutano ya Kengeleni imesimama kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wengi wao kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Uingereza. Makazi yalipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kumshawishi Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Walioletwa hapa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine waliochukuliwa wakiwa wadogo mno kukumbuka kijiji chao. Baadhi walipitia India kwanza, katika shule ya misheni ya Nashik. Matthew Wellington alikuwa mmoja wao: Myao aliyeuzwa utotoni, akasoma Nashik, akawa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa David Livingstone hadi pwani, akaishi Frere Town na kufia Mombasa mwaka 1935. Tumweke mbele ya kamati ya leo. Babu yako alizaliwa kata gani? Chifu wake alikuwa nani? Mtu aliyeibwa hana jibu la maswali hayo, na kukosa kwake jibu si dalili ya ugeni wala ya uongo. Zaidi ya hapo, baadhi ya watu wa kizazi chake walikuwa wamekwisha kukaguliwa meno na misuli katika soko la watumwa la Mkunazini, Unguja. Msamiati wa daktari wa mifugo una historia mbaya katika pwani hii, hata kama aliyeuleta ofisini hakuijua.

Mzigo huu wa kuthibitisha asili hauwaangukii watu wa Nyali kwa usawa. Anayebeba jina linalosikika la Kiarabu, Kibajuni au Kisomali ndiye anayeambiwa arudi na cheti cha kuzaliwa cha nyanya yake, mwanamke aliyezalishwa na mkunga nyumbani wakati ambapo hakuna aliyeandika lolote. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliyaeleza matatizo haya katika ripoti yake ya 2007 kuhusu utoaji wa vitambulisho. Mfano mkali zaidi ulikuwa umetangulia: Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wa asili ya Kisomali wachunguzwe, na waliofaulu wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Kifungu kilichoegemewa, cha 8 katika Sheria ya Usajili wa Watu, kinamruhusu afisa kudai ushahidi wa yale aliyoambiwa, lakini ushahidi ambao mwombaji anao uwezo wa kuutoa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa.

Watetezi wa utaratibu huu husema ni suala la usalama. Hoja hiyo haistahili kubezwa. Vitambulisho vya Kenya vimewahi kuuzwa, na al-Shabaab wameua watu wengi nchini. Lakini mmoja wa washambuliaji wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwana wa chifu. Kamati ya wazee ingempitisha kabla chai haijapoa. Nasaba haielezi nia ya mtu. Wala kikao cha faragha kisichoandika sababu hakizuii rushwa. Ndicho kinachoipa mlango, kwa kuwa mwenye haraka ya kazi au chuo hatangoja miezi ili kushinda kwa hoja.

Katiba yenyewe imeegemea upande mwingine. Ibara ya 12 inampa kila raia haki ya hati za usajili na utambulisho. Ibara ya 14 inamdhania kuwa raia wa kuzaliwa mtoto yeyote anayeonekana kuwa chini ya miaka 8 akiokotwa nchini bila wazazi kujulikana. Yaani aliyeokotwa haulizwi babu, ilhali aliyelelewa Kongowea na mama mwenye kitambulisho anaulizwa. Ibara ya 47 nayo inadai sababu za maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomwathiri mtu.

Wamakonde wa Kwale walilazimika kwenda kwa miguu hadi Nairobi Oktoba 2016 ili watambuliwe kuwa raia; Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023. Tarehe 5 Februari 2025, mjini Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kufuta ukaguzi wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Hizi ni hatua za kweli, ila zote zinakwenda jamii kwa jamii, kwa hisani ya Ikulu, na zinaliacha swali la nani abebe mzigo wa ushahidi. Kwa maoni yangu mzigo huo ni wa ofisi. Mama wa kijana wa Ziwa la Ng'ombe alipiga chapa vidole vyake vyote kumi alipochukua kitambulisho, na fomu yake imo katika kumbukumbu za Idara ya Usajili wa Watu. Afisa mwenye shaka na aanze kwa kuitafuta fomu hiyo, aandike alichokosa ndani yake, kisha ndipo amwite mtoto.