Mlima wa chumvi: jinsi theluji ya Ruwenzori ilivyopimwa

Tarehe 24 Mei 1888, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Albert, hapa Ituri, kijana mmoja wa msafara wa Stanley alionyesha mlima mbali akisema umefunikwa na chumvi. Stanley alidhani ni wingu. Kumbe ni theluji. Wanande na Wakonzo wa chini ya mlima hawakuhitaji kuambiwa. Waliiita Nzururu zamani.

Kipimo kilikuja mwaka 1906. Mwana-mfalme wa Abruzzi, Mwitaliano, alipanda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, na timu yake ikachora ramani. Theluji ya usiku huyeyuka upesi, kwa hiyo kinachopimwa ni barafu ya kudumu, upana wake. Kwa ramani zile, watafiti wa baadaye walihesabu kilomita za mraba 6.5 hivi. Mwaka 1987 zilibaki 2. Mwaka 2003 haikufika hata 1.

Familia zilizokimbia kutoka Mutwanga na Beni zinaujua mlima huo, na swali lao ni la haki: barafu ikiisha, mito itakauka? Watafiti waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, walikuta maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya maji yote chini ya mlima. Yaliyobaki huletwa na mvua, misitu na vinamasi vya mlimani. Kwa hiyo anayekata msitu wa Ruwenzori anaugusa mto kuliko barafu inayoyeyuka.