Ujira wa Mama Mzazi Nchini Rwanda



Sheria ya kazi iliyotungwa na jirani zetu wa Rwanda mwaka 2009 ilimpa mwanamke mfanyakazi likizo ya uzazi ya majuma 12. Kwa juu juu ilikuwa sheria njema. Lakini ndani yake mlikuwamo kifungu kizito. Kwa majuma sita ya kwanza mwajiri alilipa mshahara kamili. Kwa majuma sita ya mwisho mama alipewa hiari: arejee kazini apate mshahara wake wote, au abaki na mtoto wake apokee asilimia 20 tu. Tuseme alikuwa akilipwa faranga 100,000 kwa mwezi; sasa ilimpasa ajikimu kwa faranga 20,000, hali nyumbani pameongezeka kinywa kingine. Hiyo ilikuwa hiari kwa jina tu. Mwenye akiba aliweza kubaki. Karani na mfagizi hawakuwa na njia ila kumwachia yaya mtoto wa majuma sita.

Kiini cha tatizo ni swali la zamani: nani alipe? Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Washington mwaka 1919 ulikwisha kulijibu, kwamba fao la uzazi litoke katika hazina ya umma au katika bima. Mkataba wa mwaka 1952 ukaongeza kuwa mwajiri asibebeshwe peke yake gharama za wanawake aliowaajiri. Sababu yake ni dhahiri. Mwajiri anayelipa peke yake huanza kumwona kila msichana anayeomba kazi kuwa ni hasara ijayo.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1976 ilitoa miezi miwili kwa mshahara kamili, ila mama akapoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni kwenda kupunga upepo! Sheria ya mwaka 2007 iliondoa dosari hiyo na kutoa miezi mitatu, lakini mlipaji akabaki kuwa mwajiri yule yule.

Rwanda ilichukua njia nyingine. Sheria ya mwaka 2016 iliunda mfuko ambao mfanyakazi huchangia asilimia 0.3 ya mshahara, na mwajiri kiasi hicho hicho. Kwa mshahara wetu ule wa faranga 100,000, ni faranga 300 kila upande. Wanaume nao hukatwa, hata aliyekwisha kulea watoto wake wote, na kwa maoni yetu hiyo ni haki tupu. Bodi ya Hifadhi ya Jamii ikaanza kuyalipia kwa ukamilifu majuma yale sita ya mwisho, na mwaka 2023 likizo yenyewe ikafikishwa majuma 14.

Hata hivyo, mfuko huo ni wa wenye mishahara. Mama anayelima maharage kwenye miteremko ya vilima, au anayeuza ndizi sokoni, hana mwajiri wala makato. Akijifungua, shamba ndilo humwita, na hurudi huko mtoto akiwa mgongoni.