Silverstone: Uwanja Uliozaliwa na Kiwanja cha Ndege

Mbio za kwanza za kuwania ubingwa wa dunia wa Formula One zilifanyika Silverstone, Uingereza, tarehe 13 Mei 1950, mbele ya Mfalme George VI, na Giuseppe Farina akashinda kwa gari la Alfa Romeo. Miaka saba kabla yake, mashamba ya hapo yalikuwa yamegeuzwa kituo cha jeshi la anga, na vijana walifunzwa humo kurusha ndege za Wellington za kudondosha mabomu. Vita ya Pili ya Dunia, iliyoleta kituo hicho, ilikomesha pia mbio za Brooklands na kulikabidhi jeshi uwanja wa Donington. Amani iliporudi, Waingereza walikuwa na magari na madereva ila hawakuwa na pa kushindania, na viwanja vya ndege vilikaa bure nchi nzima. Wengi husimulia hayo kama bahati tu. Naona yapo zaidi ya bahati: umbo la kiwanja kile ndilo lililoamua Silverstone iwe nini.

Mwaka 1948 klabu ya magari ya RAC ilikikodi, na Oktoba Luigi Villoresi akashinda hapo kwa Maserati. Njia ilitengwa kwa mapipa ya mafuta na marobota ya majani makavu. Ilipita juu ya barabara za kurukia ndege zenyewe, kiasi kwamba magari yalikuja yakielekeana katikati ya kiwanja, na turubai zikatundikwa ili madereva wasionane. Mwaka 1949 waandaaji wakaziacha barabara hizo, wakaifuata ile ya pembezoni, iliyotumiwa na ndege kutembea ardhini. Uamuzi huo ndio msingi wa yote. Barabara ya kupitisha ndege nzito haiwezi kuwa na kona kali. Ni pana, tambarare, na hupinda polepole. Gari likipewa njia kama hiyo, huruka.

Atakayepinga atasema uwanja wa leo si ule tena: kona ya Woodcote ilipunguzwa kasi mwaka 1975, ukarabati mkubwa ukafuata 1991, na sehemu mpya ikafunguliwa 2010. Ni kweli, lakini tuulize marekebisho mengi ya awali yalikuwa ya nini. Yalikuwa ya kuzuia kasi. Mwaka 1985 Keke Rosberg alizunguka hapo kwa wastani wa zaidi ya kilomita 258 kwa saa, hata baada ya Woodcote kupunguzwa kasi. Hoja nzito zaidi ni kwamba Goodwood, Snetterton na Thruxton navyo vilikuwa viwanja vya ndege, na havikufika Silverstone ilipofika. Hili nalikubali: ardhi ilitoa kasi, haikutoa uhai. Uhai ulitoka kwa BRDC, klabu ya madereva wenyewe, iliyoshika usimamizi mwaka 1952, ikainunua ardhi mwaka 1971, na inaimiliki hadi leo. Tangu 1987, Grand Prix ya Uingereza haijahama Silverstone.