Lugha ya Kompyuta na Mwenyewe

Juma lililopita niliongeza kompyuta ya tatu katika mtandao wa nyumbani kwangu. Mbili zilizotangulia zinatumia Windows; hii, chakavu niliyoachiwa na mwenzangu aliyestaafu, nimeiwekea Linux, mfumo endeshi ambao nyumbani hakuna aliyeuzoea. Fundi wa mtaani alikwisha kunionya kwamba mgeni huyo hataelewana na wenyeji, heri ninunue nyingine ya aina moja nazo. Dakika chache baadaye faili za mihadhara yangu zilikuwa zikifunguka kwenye kioo chake. Binti yangu hakuona ajabu yoyote. Mimi nilikumbuka kwamba ukawaida huo uligharimu miaka 16.

Kompyuta haziwezi kuazimana faili bila lugha moja. Lugha ya Windows, iitwayo SMB, ilianzia kampuni ya IBM katika miaka ya 1980. Microsoft iliipanua, na sehemu kubwa ya upanuzi huo haikuwekwa mahali ambapo mtu wa nje angeweza kuisoma.

Desemba 1991, huko Canberra, Australia, Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Alitaka kompyuta yake ya DOS ipate faili zilizokuwa katika mashine ya Unix. Hakuwa na kitabu cha sarufi. Alichofanya ni kudukiza: alinasa mazungumzo kati ya kompyuta na seva iliyoijua lugha hiyo, akatazama kilichoombwa na kilichojibiwa, kisha akaandika programu iliyojibu vivyo hivyo. Baadaye aliifananisha kazi hiyo na mgeni aketiye mgahawani Ufaransa, asiyejua neno la Kifaransa, akisikiliza wateja wanavyoagiza na kuangalia mhudumu analeta nini. (Wazee wetu walioshuka pwani kutoka bara bila kamusi wangemwelewa mara moja.)

Programu hiyo, aliyoitoa bure, ndiyo Samba. Jina la awali lilikuwa na mwenyewe, basi akapekua orodha ya maneno kutafuta lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo.

Lakini kudukiza kuna mipaka. Windows mpya ilipotoka na maneno mapya, wasikilizaji walilazimika kurudi mgahawani. Mwaka 1998 Sun Microsystems iliwasilisha malalamiko kwa Kamisheni ya Ulaya. Machi 2004 Kamisheni iliiamuru Microsoft itoe maelezo ya lugha hiyo, ikaitoza na faini ya zaidi ya euro milioni 497. Septemba 17, 2007, mahakama ya Luxembourg iliitupilia mbali sehemu kubwa ya rufaa ya kampuni. Desemba mwaka huo taasisi iliyofanya kazi kwa niaba ya waandishi wa Samba ililipa euro 10,000, mara moja tu, ikapata maelezo.

Watumishi wa umma huniambia kwamba huo ni ugomvi wa matajiri wa Ulaya. Sikubaliani nao. Ofisi inayohifadhi hati za ardhi za wananchi katika seva yenye lugha ya siri haiwezi kumwacha muuzaji wake. Bei ikipanda, italipa, tena kwa kodi yetu.

Jumapili yule fundi alipita. Aliitazama kompyuta chakavu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nimenunua wapi programu hiyo.