BUNDUKI YA RANGI INATEMA MATONE? JIBU LIPO KWENYE HISTORIA YAKE

Magari ya mastaa tunayajadili sana: nani kanunua, nani kauza, nani kabadilisha rangi. Picha ikishapostiwa sifa zote zinaenda kwa mwenye gari. Aliyepiga ile rangi hatajwi, hata tagi hapewi. Leo tumzungumzie yeye, fundi rangi, pamoja na kifaa kinachomtoa jasho kuliko mteja msumbufu: bunduki ya kupulizia rangi.

Muulize fundi yeyote ni kitu gani kinamuumiza zaidi, kutema hakutakosa kwenye orodha yake. Badala ya kutoa moshi laini wa rangi, bunduki inaanza kukohoa na kurusha matone. Gari limeshanyooshwa, limepigwa puti, msasa na praima, imebaki rangi ya mwisho tu, mara paa! Matone kwenye boneti. Hapo ni kusubiri ikauke, kupiga msasa upya na kununua rangi nyingine kwa pesa yako, maana bei mlishakubaliana. Faida ya kazi nzima inaishia hapo.

Wengi wakifika hapo wanasema bunduki imekufa, wanaenda kununua nyingine. Lakini ukifuatilia kifaa hiki kilikotoka unagundua kwamba kila sehemu yake ililetwa kutatua shida fulani ya zama fulani. Shida ile ile ikirudi, ndipo bunduki inatema. Kwahiyo historia hii sio ya kupotezea muda, inakuonyesha pa kushika kwanza.

ILIANZIA KOONI KWA MGONJWA

Mjini Toledo, jimbo la Ohio huko Marekani, miaka ya 1880 alikuwepo daktari anaitwa Allen DeVilbiss. Alikuwa anatibu koo na pua, na dawa ya koo ilikuwa inapakwa kwa kijiti chenye pamba. Yani mgonjwa anachokonolewa mpaka anataka kutapika. Daktari akatengeneza kichupa chenye mpira wa kuminya: ukiminya, hewa inapita kwa kasi juu ya mrija mdogo, inavuta dawa kutoka chini na kuipasua kuwa ukungu. Kampuni yake ilianza mwaka 1888, na baadaye kichupa cha namna hiyo kikawa maarufu kwenye manukato ya kina mama. Mtoto wake, Thomas, akaichukua akili ile ile akaipeleka kwenye rangi na vanishi, na mwaka 1907 ikatoka bunduki ya kupulizia kwa ajili ya mafundi samani.

Siri ya kichupa cha daktari ni kwamba hewa na kimiminika vinakutana sehemu moja tu, pale mdomoni. Hewa ikipata njia nyingine ya kuingia kwenye rangi kabla ya hapo, rangi inatoka kwa vipande: rangi, hewa, rangi, hewa. Huko ndiko kutema.

Sasa rudi kwenye bunduki yako. Kama kikombe kiko juu na unaona mapovu yanachemka ndani ya rangi ukibonyeza triga, hewa inarudi nyuma. Mara nyingi nozeli imelegea, haijakaa vizuri au ina ufa. Ikaze kwa spana yake. Ikiwa na ufa, badilisha. Kama kikombe kiko chini, kagua kile kiungo kinachokishika na mrija unaoshuka ndani, maana ufa mdogo tu pale unavuta hewa badala ya rangi. Halafu angalia ule mpira au uzi unaozunguka sindano. Ukikauka, hewa inapenya. Tone moja la mafuta yasiyo na silikoni linausaidia. Ndio maana kuloweka bunduki nzima ndani ya thina usiku kucha ni kuiua taratibu, thina inakausha mipira yote.

Kuna na kile kitundu kidogo kwenye mfuniko wa kikombe. Kikizibwa na rangi kavu, hewa haiingii kujaza nafasi ya rangi inayotoka, basi rangi inakataa kushuka. Legeza mfuniko kidogo ujaribu. Ikitulia, umepata mchawi wako.

MJI MWEUPE WA CHICAGO

Mwaka 1893 Chicago waliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Majengo yalikuwa makubwa mno na muda umebana, na yalipakwa rangi nyeupe mpaka eneo lile likaitwa Mji Mweupe. Kwa brashi wasingemaliza. Wakatumia pampu, mpira mrefu na nozeli, wakawa wanarusha rangi ukutani kama wanazima moto. Wasanifu wa majengo yale wanasomwa vyuoni mpaka leo. Vibarua walioshika ile mipira hakuna anayewajua.

Kazi ile ilithibitisha kwamba rangi inaweza kurushwa. Lakini kitu chochote kinachopita kwenye tundu dogo kina adui mmoja, nao ni uchafu. Punje moja ya rangi iliyoganda inatosha kukaa njiani na kufanya rangi itoke kwa kukatakata. Chuja rangi kila mara, hata kama kopo limefunguliwa leo. Nozeli isafishe kwa brashi laini au kijiti cha mti, usichokoe kwa waya wala msumari, maana ukilikwaruza lile tundu halitarudi kuwa duara tena.

RANGI YENYE UNDUGU NA FILAMU ZA SINEMA

Hapa wapenzi wa muvi mtapapenda. Magari ya mwanzo yalipakwa kama mikokoteni ya farasi: vanishi safu juu ya safu, kila safu ikauke, ipigwe msasa, gari linakaa wiki kadhaa. Ford Model T kuanzia 1914 hadi 1925 ilitoka nyeusi tu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba rangi ile nyeusi ilienda vizuri na uzalishaji wa haraka.

Mwaka 1920 wanakemia wa DuPont kule Parlin, New Jersey, walikuwa kwenye utafiti wa filamu za picha, zile zilizotengenezwa kwa nitroselulosi. Wakakuta mchanganyiko wao umegeuka kuwa mwepesi kuliko kawaida, ilhali bado umebeba nitroselulosi nyingi. Hiyo ndiyo ikazaa laka iliyoitwa Duco. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ikaonyesha magari ya Oakland yaliyopakwa laka hiyo kwa rangi ya bluu. Kazi ya wiki ikawa ya saa.

Ila laka ile ilikauka haraka mno, brashi ilikuwa inaacha mistari kabla fundi hajageuka. Ikabidi ipulizwe. Hapo ndipo bunduki ya daktari wa koo ilipoingia rasmi kwenye gari.

Uzito wa rangi ndio uliofanya yote haya yawezekane, na ndio huo huo unaosumbua mtaani. Rangi nzito haivutiki vizuri na haipasuki kuwa ukungu. Changanya thina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, sio kwa macho. Thina inayokausha haraka kwenye jua kali la saa sita nayo ni tatizo: rangi inaanza kukauka kwenye ncha ya nozeli, kinajengeka kigamba, kikibanduka kinarukia gari. Na kama bunduki inatema pale tu unapoanza kubonyeza, shuku sindano. Haifungi vizuri, inaacha tone mdomoni, na ule upepo wa kwanza unalirusha. Anza kubonyeza ukiwa nje ya bodi, kisha ingia nayo.

LOS ANGELES NA HEWA CHAFU

Bunduki za zamani zilitumia presha kubwa, na zaidi ya nusu ya rangi ilipotea hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wasimamizi wa hewa wa eneo la Los Angeles walibana magereji, zikaenea bunduki za hewa nyingi kwa presha ndogo. Kwenye kofia ya hewa presha haizidi paundi 10 kwa inchi ya mraba. Rangi nyingi zaidi inafika kwenye gari.

Zilipofika huku kwetu zilikuta kompresa ndogo. Bunduki ya aina hii inataka hewa nyingi mfululizo. Kompresa ndogo inachoka, presha inapanda na kushuka, bunduki inakohoa. Tena ikifanya kazi bila kupumzika inapata moto, na hewa ya moto ikipoa kwenye mpira inaacha maji. Kwa unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa, maji hayo sio kidogo. Fungua koki ya chini ya tangi umwage maji kila siku, na weka kichujio cha maji kabla ya bunduki.

JARIBU HIVI

Kabla hujanunua mpya, weka thina safi kwenye kikombe, puliza kwenye boksi mbali na moto. Ikitema hata thina, tatizo lipo kwenye bunduki au hewa. Ikitoka safi, anza kuishuku rangi yako: uzito au uchafu. Kisha badilisha kitu kimoja kimoja. Ukigusa vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa mbaya, na wiki ijayo utaanza upya.

La mwisho, na hili ndilo kubwa. Miaka ya 1920 huko Marekani chama cha wapaka rangi kilizipinga hizi bunduki, kwa kuhofia ajira na pia afya za watu wao. Mashine zilishinda, ila hofu ya afya haikuwa ya uongo. Rangi na klia nyingi za leo zinazochanganywa na hadna zina kemikali zinazoitwa isosayaneti, zinazoweza kukupa pumu ya maisha. Kitambaa usoni au barakoa ya hospitali havizuii kitu. Kinachotakiwa ni kifaa kinachokuletea hewa safi kutoka nje. Boneti lenye matone linapigwa msasa likarudi. Mapafu hayapigwi msasa.

Kwahiyo ukiona gari la staa linang'aa, jua kuna mtu alilipulizia akiwa ameziba pumzi. Wewe fundi unayesoma hapa, bunduki yako ilitema lini mara ya mwisho na ulikuta nini? Dondosha komenti hapo chini, na ukiwa na picha ya kazi yako weka, leo tukutaje wewe.